Bonyeza Mwenyewe, Hata Mimi Usinipe Simu Yako

Leo tunaweka kando mdondo na kantangaze. Nataka tuongelee simu iliyo mfukoni mwako, na nina msimamo ambao najua baadhi yenu hamtaupenda. Mtu mzima mwenye mradi wake hapaswi kumpa mtu mwingine simu ambonyezee. Asimpe wakala, asimpe mtoto wa jirani, asimpe afisa ugani. Hata mimi usinipe.

Nimefanya kazi upande wa Temeke, Chamazi na Toangoma huko, na sasa niko Kinondoni, Bunju na Mabwepande. Kote huko ninachoombwa mara nyingi kuliko dawa ya minyoo ni hiki: "Bwana mifugo, hebu nibonyezee hapa, macho yangu siku hizi..." Simu inakuja mkononi mwangu, namba ya siri inatajwa kwa sauti mbele ya watu wanne, mmoja wao kijana wa bodaboda aliyeleta mfuko wa chakula cha kuku. Nikikataa naonekana nina maringo. Ndiyo maana naandika, nieleze kwa kirefu mara moja.

Tuanze na kile kinachotokea ukibonyeza. Ukipiga nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli, yaani *150*00#, au *150*01#, au *150*60#, wengi wanaamini simu ndiyo inayofanya kazi. Simu haina hela ndani. Ulichofanya ni kuandika amri na kuituma kwa kompyuta kubwa iliyo mbali, wenyewe wanaiita seva. Seva inasoma amri, inafanya ilichoambiwa, inakurudishia jibu la maandishi. Hakuna binadamu pale katikati anayekuangalia. Hakuna anayejiuliza, "Hivi huyu mama wa Mbagala kweli amekusudia kumtumia huyu jamaa laki mbili?" Seva inaangalia vitu viwili tu, laini iliyotuma amri na namba ya siri. Vikiwa sawa, inatii. Inamtii mwizi kwa adabu ileile inayokutii wewe.

Kwa hiyo anayebonyeza ndiye bosi. Hili ndilo jambo langu lote la leo, mengine ni maelezo yake.

Sasa kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuamuru seva kwa maandishi, nao ni vijana wa TEHAMA. Ukikaa nyuma ya mmoja wao akiwa kazini utashangaa. Wewe umezoea kompyuta yenye picha na vitufe vya kubofya, yeye anafungua kioo cheusi chenye maandishi meupe, anaandika mstari mmoja, anabonyeza, kompyuta mia mbili zinabadilishiwa mipangilio kwa mpigo. Kuna programu inaitwa Ansible, ilianza mwaka 2012, inafanya kazi hiyo ya kuendesha mashine nyingi kutoka sehemu moja. Ina seva yake inaitwa AWX, ambayo inatunza orodha ya kazi na kuzitekeleza yenyewe ikiamriwa. Fundi akitaka kazi namba 7 ianze, anaandika hivi:

awx job_templates launch 7 --monitor

Basi. Mstari mmoja. Hilo neno la mwisho maana yake ni "nionyeshe maendeleo mpaka kazi iishe", asije akaondoka akidhani imekwisha kumbe imekwama katikati. Sisemi kwamba kampuni za simu za hapa zinatumia programu hiyo. Naitaja kwa sababu ni ndugu wa karibu wa kile unachofanya wewe na kitochi chako. Naye anaandika alama na namba, seva isiyomwona inatii. Tofauti ni kwamba wao wana tabia za kazi ambazo sisi hatuna, na tabia hizo hazihitaji shule.

Ya kwanza, kila fundi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri. AWX inaandika kazi gani ilianzishwa na nani na saa ngapi. Kukitokea uharibifu, hakuna kuulizana kwa sauti ya juu. Kumbukumbu inafunguliwa na jina linaonekana. Linganisha na nyumba zetu. Laini ni ya mama, namba ya siri anaijua mama, mtoto wa kwanza, mpangaji wa chumba cha uani na wakala wa pale kona. Siku hela inapungua, kumbukumbu ya seva inasema jambo moja tu: mama ndiye aliyetuma. Na kwa upande wa seva ndivyo ilivyo, laini ni yake na namba ya siri ni yake. Ugomvi unahamia nyumbani, na nimeshuhudia ndugu wakinuniana miezi kwa hela ya trei kumi za mayai.

Hapa kuna jambo watu wanalipita. Laini hiyo ni ya nani hasa? Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Wakati ule wa foleni za NIDA, wazee wengi ambao namba zao zilikuwa hazijatoka walisajiliwa laini kwa vitambulisho vya watoto au wajukuu. Ilisaidia kwa siku zile. Lakini mpaka leo mzee anauza mayai, anapokea malipo, anaweka akiba kwenye laini ambayo mbele ya kampuni ya simu si yake. Laini ikipotea, anayeweza kuirudisha ni mjukuu, ambaye labda yuko Mwanza au ameshagombana na babu yake. Mradi wa kuku mia tano umesimama juu ya kidole cha mtu mwingine!

Tabia ya pili ya mafundi ninaipenda zaidi. Ansible ina neno linaitwa --check. Ukiliongeza kwenye mstari wako, programu inakuambia ingebadilisha nini, bila kubadilisha chochote. Unasoma, unaridhika, ndipo unatoa amri ya kweli. Sasa kumbuka unapotuma hela. Kabla ya namba ya siri, kioo kinakuonyesha jina la mpokeaji na kiasi. Hiyo ndiyo --check yako, umepewa bure, na asilimia kubwa ya watu ninaowaona wanaipita kama matangazo ya redio. Kidole kimeshazoea kukimbilia namba ya siri. Ushauri wangu, na wafanyabiashara wa Temeke Stereo waliozoea haraka watanicheka, ni kulisoma jina lile kwa sauti. Kwa sauti kabisa, kama unamwita mtu. Masikio yanakamata kosa ambalo macho yamelizoea.

Na kama mpokeaji ni mpya, mfano umepata muuza vifaranga kupitia kundi la WhatsApp, tuma elfu moja kwanza, mpigie, akuthibitishie, ndipo utume nyingine. Mafundi nao wana neno lao la hivyo, --limit, la kuamuru kazi ifanyike kwenye mashine moja tu kabla ya kuachia zote. Utalipa ada mara mbili, ni kweli. Linganisha ada hiyo na bei ya vifaranga mia tatu.

Ukikosea ukaona jina silo baada ya hela kuondoka, usianze kumpigia mpokeaji ukimbembeleza. Piga 100 kwa mtandao wako kwanza, uwe na ile meseji ya muamala mbele yako, waombe wazuie. Ukimpigia mpokeaji kwanza umempa taarifa ya kwenda kutoa.

Tarakimu ishirini

Naomba nikae kidogo kwenye umeme, kwa sababu huku ndiko nilikoona hasara ya kubonyezewa kwa macho yangu.

Wote mnajua LUKU. Unalipa, unapata tokeni ya tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita. Kwa nini tarakimu zote hizo? Kwa sababu tokeni ni amri iliyofungwa kwa siri kwa ajili ya mita yako peke yake. Ndani yake kuna kiasi cha uniti na saa ambayo tokeni ilitengenezwa. Mita inaikumbuka hiyo saa, ndiyo maana huwezi kuingiza tokeni ileile mara mbili, na tokeni ya jirani haikubali kwako. Ukisimama mbele ya mita unaandika namba, wewe ni sawasawa na yule kijana mwenye kioo cheusi. Umetoa amri kwa mashine, na mashine itakubali au itakataa bila kukueleza sana.

Sasa mita hizi, siyo za Tanzania tu bali za mfumo huo duniani kote, zilikuwa zinahesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993. Nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16 na laki saba na kitu. Ukipiga hesabu, nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyorekebishwa ingekataa tokeni mpya. Kwa hiyo mwaka ule TANESCO waliendesha zoezi la nchi nzima. Ukinunua umeme mara ya kwanza baada ya eneo lako kufikiwa, ulipata makundi matatu ya tarakimu 20. Kundi la kwanza na la pili ni amri za kuifanya mita ianze hesabu upya, la tatu ndilo umeme wenyewe. Zinaingizwa kwa mpangilio huo. Mamilioni ya watu, wengine hawajawahi kugusa kompyuta, waliboresha mita zao kwa vidole vyao wenyewe. Sijui kama mnaona ukubwa wa jambo hilo. Mimi naliona kama mafunzo makubwa ya TEHAMA yaliyofanyika nchini bila mtu kuitwa kwenye semina wala kulipwa posho.

Lakini kulikuwa na mfugaji mmoja upande wa Mbagala. Alikuwa na vifaranga mia tatu vya siku nne kwenye bruda ya balbu. Umeme wake alikuwa ananunuliwa na mpangaji wake, kijana mzuri, kwa simu ya kijana. Yule kijana alikuwa zamu ya usiku. Uniti zilipokwisha alipigiwa, akanunua, akaona meseji ndefu ya namba nyingi, akajua za umeme ni zile za mwisho, akazisoma kwa simu hizo tu. Mama akaandika kwenye boksi la chakula, akaingiza, mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Akahisi amesikia vibaya, akapiga tena, kijana hapokei, yuko kazini. Maelekezo ya nini kianze yalikuwa kwenye meseji, na meseji ilikuwa kwenye mfuko wa mtu mwingine upande wa pili wa jiji.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 mpaka 35. Likishuka, vinarundikana kona moja kutafutana joto, vya chini vinakosa hewa. Alipofikiria kuwasha jiko la mkaa ilikuwa imeshakwenda zaidi ya saa moja. Asubuhi nilimkuta anatoa mizoga kwa ndoo. Zaidi ya sitini.

Hakuna aliyemwibia. Mpangaji hakuwa na nia mbaya, mita haikuwa mbovu. Amri ilitolewa na mtu mmoja, majibu yakaenda kwake, na mwenye kuku akabaki na kipande. Kile kipande hakikutosha.

Leo yule mama ananunua umeme kwa simu yake mwenyewe, kitochi, na namba ya mita ameiandika kwa rangi ukutani juu ya mita. Jiko la mkaa liko ndani ya banda tayari, hata kama umeme upo. Hilo la jiko fanyeni wote, lakini muwe na tundu la kutolea moshi.

"Si ununue simu janja tu?"

Vijana wananiambia hayo ya nyota na reli yamepitwa, watu wapakue programu za kampuni, kuna picha, kuna kila kitu. Sipingi. Programu inatunza orodha ya watu unaowatumia mara kwa mara, inakuonyesha miamala ya nyuma, na kwa mwenye duka kubwa inasaidia. Lakini kwa mfugaji wa kawaida wa Mabwepande bado naweka kura yangu kwa menyu ya nyota na reli, na sababu zangu si za umaskini.

Menyu haihitaji bando. Inafanya kazi kwenye kiswaswadu cha betri ya siku nne. Kioo kimoja kinabeba herufi zisizozidi 182, kwa hiyo haiwezi kukujazia mapicha, inakuuliza jambo moja, unajibu, inauliza lingine. Na simu janja ndani ya nyumba haina mwenyewe, watoto wanachezea magemu, mgeni anaomba apige picha. Kitochi hakuna anayekigombania. Kwa pesa ya mradi, hiyo ni sifa kubwa.

Kasoro yake ni kwamba menyu ikishafungwa haiachi kitu kwenye kioo. Kinachobaki ni meseji. Na hapa ndipo wengi wanajimaliza, meseji zinafutwa ili simu ipate nafasi, maana kitochi kikijaa meseji mpya haziingii. Futa, sawa, lakini kabla ya kufuta nakili kwenye daftari: tarehe, jina, kiasi, na ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu. Dakika mbili kila jioni ukishafunga banda. Ukilipa ushuru au leseni kwa kontrol namba, nayo iandike. Ile namba ya tarakimu 12 ndiyo inayoiambia seva ya serikali hela hii ni ya malipo gani, na siku ukiambiwa hujalipa, ndiyo ya kuonyesha.

Sasa nije kwa wanaosema hawajui kusoma au macho yamechoka. Hili silidharau. Kuna mzee wa bustani ya mchicha ambaye hajui herufi hata moja, lakini anatuma hela kwa mkewe kila jumamosi bila msaada, kwa sababu amekariri njia: bonyeza hii, halafu hii, halafu hii. Ameikariri kama anavyokariri siku za kumwagilia. Kwa wasioweza hivyo, kanuni yangu ni moja: yeye asome, wewe ubonyeze. Mtu akusaidie akiwa amekaa pembeni yako, simu iko mkononi mwako, anakusomea kioo kinasema nini na wewe ndiye unayechagua. Ikifika namba ya siri ageuke upande wa pili. Ukikosea unaanza upya, hakuna aliyekufa. Inachukua muda mrefu, najua. Wiki ya tatu utakuwa unamfukuza msaidizi.

Na kwa kuwa nimemtaja mzee anayekariri njia, nina la kusema na wanaotengeneza menyu. Kuna tabia ya kupanga upya namba bila taarifa. Leo kutuma pesa ni 1, kesho kumeingizwa bahati nasibu au mkopo wa papo kwa papo juu yake na kila kitu kimeshuka. Anayesoma hatajua hata kama kumebadilika. Anayekariri anabonyeza njia yake ya siku zote na kujikuta kwenye kukopa. Kwa mafundi wa TEHAMA, programu ikitaka kubadilisha maneno ya amri, inatangazwa mapema, na mara nyingi neno la zamani linaachwa likifanya kazi kwa muda pamoja na jipya. Wanajua mtu amejenga kazi yake juu ya mstari ule. Mzee wetu naye amejenga kazi yake juu ya mstari wake. Heshima wanayopeana wao kwa wao ndiyo ninayoiomba kwa ajili yake: ukurasa wa kwanza wa menyu uachwe ulivyo, mapya yaongezwe mwishoni, na Kiswahili kiwe ndicho kinachoanza.

Nina la kusema na maafisa ugani wenzangu pia. Tangu mpango wa mbolea ya ruzuku uanze msimu wa 2022/2023, namba ya simu ya mkulima imekuwa sehemu ya kilimo chake kama lilivyo jembe. Taarifa zinakwenda kwenye simu. Tukiwa kwenye zoezi lolote la kuandikisha watu, foleni ni ndefu na jua ni kali, kishawishi ni kujaza namba yoyote iliyo karibu, ya mjumbe, ya kiongozi wa kikundi, ya kwetu wenyewe, ili tumalize. Kazi inaonekana imekwisha lakini mkulima ameshatolewa kwenye mradi wake. Ujumbe wake utamfikia mtu mwingine. Kama hana laini, aandikwe siku nyingine akiwa nayo. Bora orodha fupi ya watu wanaopatikana.

Limebaki la matapeli, nalo halikai mbali na haya. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mmeshaizoea, ipelekeni 15040 na muendelee na kazi. Ninayoiogopa zaidi ni ya mtu anayekupigia kwa sauti ya upole, anasema yeye ni huduma kwa wateja, laini yako ina tatizo, hebu bonyeza *21* kisha namba fulani kisha reli. Hakuombi hela wala namba ya siri, kwa hiyo moyo unatulia. Mstari huo ni amri ya kuhamisha simu zako zote zinazoingia ziende kwenye namba yake. Kuanzia hapo, mteja wako wa mayai akipiga anapokea yeye, na mtu yeyote anayepiga kuhakikisha jambo na wewe anahakikishiwa na yeye. Kila mstari wa nyota na reli ni amri, hata kama hauonekani una hela. Kama hujui unaamuru nini, usibonyeze, hata kama anayekuomba anakuita mama.

Ukitaka kujua kama umeshafanyiwa hivyo, piga *#21#, simu itakujibu kama simu zako zinahamishwa. Ukikuta zinahamishwa na si wewe uliyeweka, ##21# inafuta. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya leo jioni, wewe mwenyewe, mjukuu asome tu. Ukikuta namba usiyoijua, chukua kitambulisho chako uende duka la mtandao husika waiondoe. Na kama laini unayopokelea hela za mayai haimo kwenye orodha hiyo, basi nenda na aliyeisajili mkaihamishie kwako wakati bado yuko hapa mjini na mnaelewana.